Pua ya Bi Arafa

Ukienda kwa Bi Arafa wa Bweni na kikohozi chako, hakukuuliza kimeanza lini. Alikwambia usogee, kisha akakunusa. Alianzia utosini, akashuka shingoni, akamalizia kwenye viganja, na wewe umesimama pale umejikunyata kama mbuzi anayekaguliwa mnadani. Halafu akasema, "Wewe huna kikohozi, una mavumbi ya mbata. Nenda kaoge." Au akasema, "Hii homa si ya majani. Panda pikipiki uende zahanati sasa hivi, na usipitie kwa mtu." Watu walimcheka, lakini walikwenda walikotumwa.

Alikuwa mjane mfupi, ameshapita sitini, ulimi wake mkali na mikono yake laini. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake mafungu ya majani yametundikwa vichwa chini, mengine mabichi, mengine yamekauka hadi yanavunjika ukiyagusa. Kulikuwa na kivumbasi cha kufukizia mafua, mizizi ya mjafari ya kikohozi, mizizi ya mtunguja ya jino, na majani ya mkunazi ya kuogea. Hakuna fungu lililoandikwa jina. Bi Arafa alisugua jani baina ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akanusa. Jani likajitaja lenyewe.

Kazi ile alipewa na shangazi yake, marehemu Bi Sabra, dada wa baba yake. Na hapa sharti nieleze, maana wageni hudhani kazi ya majani ni kujua majani tu. Kwa watu wa kule, dawa haifanyi kazi mpaka mkono uwe na ruhusa. Mwenye nayo humwekea anayerithi majani matatu katika kiganja cha kulia, akamkunja vidole, akasema mara tatu, "Nimekuruhusu." Pasipo hayo, hata ukichemsha msitu mzima umechemsha mboga. Bi Sabra alipomkunja Arafa vidole aliongeza sharti moja: "Usimpe mtu jani usilolijua kwa mwili wako mwenyewe. Siku mwili wako ukikataa kulijua, tua mkono." Arafa aliitikia. Alikuwa na miaka thelathini, na mwili wake haujawahi kumkataa katika lolote.

Sasa ulimkataa. Kusi ya mwaka juzi ilimwangusha kwa mafua makali, akalala wiki tatu. Alipoinuka miguu ilirudi, sauti ikarudi, na ukali wake, alhamdulillahi, ukawahi kurudi kuliko vyote. Pua haikurudi. Aliweka kahawa mdomoni ikawa maji ya moto. Alichoma udi chumbani akaona moshi tu.

Akangoja, akidhani itarudi polepole kama nguvu za miguu zilivyorudi. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu alijaribu. Alijifukiza kivumbasi mpaka uso ukawa mwekundu, akajitia mafuta ya habasoda puani mpaka machozi yakamtoka. Miezi minne ikapita. Hakumwambia mtu, hata Luqmani, mwanawe aliyekaa naye, wala Fahima, binti yake wa Kilindoni. Angesema nini? Seremala akipoteza randa hununua nyingine.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, Luqmani, na mke wa Luqmani, Zuena. Huyu Zuena alikuwa mtu wa kisiwa cha Jibondo, na Bi Arafa hakuliacha jambo lile lipoe. "Jibondo mawe matupu," alikuwa akisema mbele za wageni. "Mkaza mwana wangu jani alilokua nalo ni mwani." Zuena alicheka, akaendelea kukuna nazi. Miaka minne ya ndoa ilikuwa imepita bila mtoto, na katika miaka hiyo Bi Arafa, mwenye ulimi ule, hakumtupia hata neno moja juu ya hilo. Zuena alikuwa amelihesabu. Kwa ajili ya ukimya ule mmoja alimsamehe maneno yote mengine.

Mwaka huo akapata mimba, na mimba ikamshika puani. Samaki wa kukaanga hakutaka hata kumwona. Shati la Luqmani alilisikia harufu toka kisimani. Ndivyo Mungu alivyopanga mambo katika nyumba ile: pua moja imefungwa, ya pili imefunguka kupita kiasi, na wenyewe wanakula sinia moja.

Ijumaa moja Bi Arafa alikaa karibu na jiko na tasbihi yake, wali umepaliwa makaa juu. Zuena alikuwa mbali uani akianika nguo. Ghafla akaja mbio, akaondoa sufuria kwa upande wa kanga. Chini kote kulikuwa kumeungua, na moshi ulikuwa unamzunguka mama mkwe kichwani.

"Nilikuwa kwenye dhikri," alisema Bi Arafa.

Zuena alimtazama. Alikwangua ukoko mweusi, akampa kuku.

Baada ya hapo ndipo likatokea lile la Mzee Kombo. Mzee Kombo ni jirani, mkulima wa minazi, mtu mzima mwenye heshima zake na sharubu zake. Alishikwa na mafua, akaja kupiga nyungu. Bi Arafa alichemsha fungu la kivumbasi kikavu, akamkalisha juu ya kigoda, akamweka chungu mbele, akamfunika blanketi. Baada ya robo saa Mzee Kombo akatoka anatiririka jasho, na mkewe aliyekuja kumchukua akasimama ghafla.

"Bi Arafa! Mume wangu umemfanya nini? Ananukia kikuba!"

Kumbe halikuwa kivumbasi, ulikuwa mrehani, ule ule wanaofunga kikuba na asumini kumpamba bi harusi. Yakiwa mabichi hata mtoto anayatofautisha. Yakishakauka na kuvunjika, ni pua tu ijuayo. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Kombo alijinusa kwapa, akasema kama ndivyo basi mafua ni neema.

"Nimefanya kusudi," alisema Bi Arafa. "Mkeo alikuja kunilalamikia harufu yako."

Wakazidi kucheka. Jibu lilikuwa zuri, na halikuwa kweli. Walipoondoka aliingia kibandani, akatungua fungu moja baada ya jingine, akasugua, akanusa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambazo wenyewe wamehama. Hakuna aliyemjibu. Alirudisha mafungu mahali pake, akakaa chini kwenye mchanga, akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Mrehani haumdhuru mtu, hilo alilijua. Kilichomtisha ni mti mwingine. Liko jani liitwalo mnukauvundo, na jina linatosha kukueleza. Bi Arafa alilitumia katika maji ya kuogeshea wazazi na vitoto vichanga, kidogo tu, pamoja na mengine. Na uko utupa, ambao wazee waliuponda wakautia kwenye vidimbwi vya miambani ili samaki walewe waelee. Vikonyo vyake vikiwa vichanga, kabla ya maua, vilimtatiza hata yeye kwa macho, hasa sasa ambapo macho yenyewe yalianza kuingia ukungu. Maisha yake yote hakuwahi kuvichanganya, kwa sababu hakuvitazama. Alivisugua. Kimoja kilinuka uvundo, cha pili hakikuwa nao.

Basi afanye nini? Akiendelea, iko siku atamwogesha mtoto wa mtu kwa sumu ya samaki. Akiacha, atakuwa nani? Ajuza mmoja tu pale Bweni mwenye ulimi mkali. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Bi Arafa methali hiyo aliijua vizuri sana, maana aliwatolea wengine kila siku.

Akaendelea. Na jambo la ajabu, hakukosea tena. Kila alipotoka porini na mzigo wake, Zuena alikuwa amekaa barazani na tumbo lake, na hakuacha kupayuka. "Mama, kivumbasi cha leo kikali, kimenipiga chafya." "Mama, huo mrehani mbona umechanganyika na kitu? Hapo, upande huo." "Uuh, mnukauvundo huo, Mama, peleka mbali nitatapika." Bi Arafa alimkaripia kwamba kelele zake zitamtoa mtoto kabla ya siku. Lakini alitenga mafungu kama alivyosikia, na hakujiuliza kwa nini.

Zuena alijifungulia Kilindoni, salama, mtoto wa kike. Luqmani alikuwa dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Shungimbili, akapewa habari kwa simu, na wavuvi wenzake wanasema alipiga kelele hadi ndege wakaruka. Mzazi na kichanga wakarudishwa Bweni, wakaingizwa chumba cha ndani kukaa arobaini yao.

Bi Arafa alipokea mjukuu kwa mikono miwili. Kwa mazoea ya miaka yote akaishusha pua yake utosini mwa mtoto, akavuta pumzi.

Hakuna kitu. Alikuwa amepakata mjukuu aliyengojewa miaka minne, na puani palikuwa kama amenusa ukuta. Akamrudisha haraka kwa mama yake. "Ana afya," alisema, akatoka. Zuena alibaki akitazama mlango.

Siku mbili za mwanzo alimkanda mzazi kwa maji ya mkunazi peke yake, maana mkunazi ulikuwa mlangoni na miiba yake ilijulikana. Siku ya tatu ndiyo ya mchanganyiko wenyewe, wa mama na wa mtoto. Aliamka asubuhi akashika njia ya Ras Mkumbi, akachuma huku akisoma bismillahi kwa kila tawi, akarudi na kanga imejaa. Nusu akaitia kwenye sufuria. Maji yakatokota. Akainama juu ya mvuke kama kawaida yake, na ndipo alipogundua kuwa pale uani palikuwa kimya.

Hakuna aliyepiga chafya. Hakuna aliyesema "uuh, Mama, peleka mbali." Barazani kulikuwa na mkeka mtupu. Alisimama na mwiko mkononi, na miezi yote ile ikamrudia, neno moja moja: kikali leo, umechanganyika, upande huo. Msichana yule hakuwa akipayuka. Alikuwa akimwambia.

Ndani mtoto alilia njaa, kisha akanyamaza. Beseni lake dogo lilikuwa tayari. Bi Arafa alitazama maji yale ya kijani, akaona kwamba hajui yana nini. Hajui. Akaishika sufuria kwa matambara, akaimwaga yote mchangani, kuku wakatawanyika. Kisha akachukua kanga yenye majani yaliyobaki, akaingia chumbani.

"Zuena."

"Labeka, Mama."

"Sisikii harufu."

Zuena alikuwa ananyonyesha. Hakuinua kichwa. "Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wali wa Ijumaa ile. Nyungu ya Mzee Kombo ilinithibitishia tu."

Hasira zikampanda Bi Arafa mpaka kilemba cha kanga kikamlegea. "Miezi yote hiyo unanichezea kama mtoto mdogo! Unanirushia maneno kama unamwita kuku! Kinywa huna ukaniambia?"

"Ningekwambia vipi, Mama? Ungenirudisha Jibondo siku hiyo hiyo."

Bi Arafa alifungua kinywa ajibu. Kikatoka kilio. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia waziwazi, kanga ya majani mapajani, na Zuena akasogea na mtoto wake mpaka mabega yao yakagusana.

"Nipe hayo majani," alisema Zuena baadaye.

Akampa tawi moja moja. Zuena alisugua, akanusa. Kivumbasi. Kivumbasi. Mnukauvundo, akakunja uso. Mnukauvundo. Mkunazi. Mnukauvundo. Kisha akasita, akasugua tena kikonyo kimoja kichanga.

"Hiki hakinuki uvundo. Kinanuka kama maharage mabichi."

Bi Arafa alikichukua, akakileta karibu na macho, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. "Utupa," alisema.

Kilikuwa kimoja tu. Kwenye sufuria aliyoimwaga vilikuwa vingapi? Labda hata kimoja. Mpaka leo hakuna ajuaye, na Bi Arafa hadi kesho hapendi kuulizwa.

"Shangazi aliniambia nitue mkono," alisema. "Alisema jani nilijue kwa mwili wangu mwenyewe. Basi, mwisho wangu umefika. Nimemdanganya marehemu mwaka mzima."

Zuena alimweka mtoto begani akamcheulisha. Alikuwa mtu wa maneno machache alipokuwa na la kusema. "Huyu ni damu yako, Mama, na nimekaa naye tumboni miezi tisa. Hiyo pua yangu imefunguka kwa ajili yake. Sasa mwili wako unaishia wapi?"

Siku hiyo Bi Arafa alichemsha mkunazi peke yake, na kesho yake asubuhi aliingia chumbani na kanga imejaa, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuambiwa. Zuena alinusa, akasema kila kimoja kinanuka vipi. Bi Arafa alisema jina lake, kinachumwa lini, kinamfaa nani, kinamdhuru nani. Wakiridhika wote wawili ndipo sufuria ikabandikwa jikoni. Wengine husema arobaini ni kifungo cha mzazi. Hii ilikuwa chuo. Luqmani aliporudi kutoka dago aliwakuta wanabishana juu ya mzizi wa mjafari, akasimama mlangoni na papa mkavu mkononi, na ikachukua muda mtu kumwitikia salamu. Akaambiwa kwanza akamweke yule papa mbali.

Siri nayo haikukaa. Bi Arafa mwenyewe aliitoa, tena mbele ya Mzee Kombo na mkewe walipokuja kumwona mtoto. "Ule mrehani sikukusudia," alisema, shingo imekakamaa, akingoja kicheko. Mzee Kombo alipangusa sharubu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Bi Arafa," alisema. Kisha akaongeza kuwa akishikwa tena na mafua angeomba kosa lile lile, na mkewe akampiga kikofi.

Siku ya arobaini ilipotimia, mzazi akatoka. Mtoto alikuwa ameshapewa jina siku ya saba, Sabra, jina la shangazi. Fahima alipiga simu kutoka Kilindoni, anakofanya kazi duka la dawa, na mama yake akamuuliza bila kuzunguka kama anautaka mkono. Ulikuwa wake kwa haki, maana siku zote ulikwenda kwa damu. "Mpe Zuena, Mama," alisema Fahima. "Mimi majani yangu yana tarehe ya kuharibika."

Wakatoka wanawake watatu, mmoja mgongoni mwa mwenziwe, wakashika njia ya Ras Mkumbi. Bi Arafa alichuma kivumbasi, mkunazi na mnukauvundo, akamnusisha Zuena kila kimoja mara ya mwisho. Akaviweka katika kiganja chake cha kulia, akamkunja vidole.

"Nimekuruhusu. Nimekuruhusu." Hapo akamkaza vidole zaidi. "Nimekuruhusu, mwanangu. Na wewe mtu wa mawe, usinitie aibu."

"Sitakutia, Mama."

Walikaa kidogo kivulini. Zuena alimfungua mtoto mgongoni, akampakata. Bi Arafa alikuwa na swali alilolifungia kifuani siku arobaini. Aliokota kijiti, akachora mchangani, akafuta.

"Zuena. Mtoto ananukaje?"

Zuena alimtazama, na sasa akaelewa kwa nini bibi alimrudisha mjukuu haraka vile siku ya kwanza, jambo lililomuuma arobaini nzima. Akainama, akaweka pua utosini mwa mwanawe, akavuta pumzi taratibu, kwa uangalifu ule ule aliofundishwa.

"Maziwa," alisema.

"Ndiyo."

"Mafuta ya nazi. Jasho kidogo, hapa shingoni."

"Na nini tena?"

Zuena alinusa tena.

"Mkunazi. Kivumbasi. Na ule uvundo kwa mbali." Akainua uso, macho yamemlowa. "Ananuka mikono yako, Mama. Mwili mzima."

Bi Arafa alinyoosha mikono ile akampokea mtoto. Akaishusha pua yake utosini, akavuta pumzi ndefu kama alivyowafanyia watu wa Bweni miaka yote, na safari hii hakuwa na haraka ya kumrudisha.